Mkwe Kwenye Laini

Nilianza kukodisha mashine za kuvuta maji kwa sababu naogopa mashimo. Miaka ile ya rashi, yaani mbio za dhahabu, pale Tarime kila mtu aliitazama ardhi kama sufuria ya pilau iliyofunuliwa, mwenye mkono achote. Walimu waliacha chaki, wauza mitumba walifunga vibanda, hata kinyozi wa jirani yangu alinunua tochi ya kichwani akapotelea machimboni Nyangoto. Mimi nilikwenda mara moja kuchungulia duara, yaani shimo la wachimbaji. Nilishika mti uliokuwa karibu na sikuuachia mpaka waliponitoa kwa kunicheka. Kule chini sikuona dhahabu, niliona maji. Vijana walikuwa wanayachota kwa ndoo na kamba huku wakitukanana, na maji yanarudi palepale. Nikasema, mimi sitauza wali wala sitanunua dhahabu ya mtu. Nitaleta mashine, na nitakaa mbali nazo.

Nimezaliwa Tarime, lakini babu yangu alikuja kutoka pwani na mzigo wa kanga, na watu wa pale wanatuita Waswahili hadi leo kana kwamba tumeshuka jana. Kikurya nakisikia chote na kukisema nusu. Ile nusu ilinitosha sokoni. Haikunitosha kwenye simu, kwa sababu mteja ambaye duara lake linajaa maji hazungumzi, anapiga kelele, na nyuma yake wenzake nao wanapiga kelele. Mwanzoni namba yangu ndiyo iliyopakwa rangi kwenye kila mashine. Nilipigiwa nikiwa naoga, nikiwa naswali, nikiwa nimemshika kuku shingoni. Nilikonda. Mama yangu aliniambia kama ni kufa na simu sikioni, bora ningeuza ubuyu.

Ndipo nilipowaajiri wanawake wawili wa kupokea simu, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Mmoja alikuwa kijiji cha Kemambo, ameolewa pale, binti wa watu mpole ambaye sauti yake ilikuwa inatuliza kama uji wa moto. Mwingine alikuwa Busawe, upande wa Serengeti, mama mtu mzima aliyewahudumia zaidi wakulima wa nyanya wanaokodi mashine za kumwagilia. Wanaume sikuwataka. Mwanaume ungempa simu asubuhi, jioni ukasikia duara fulani limetema, yaani limetoa dhahabu, naye ameshatumbukia na simu yako mfukoni.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unapokea, unauliza mashine iko wapi na inafanya nini, unampigia fundi wangu wa Nyangoto mwenye pikipiki, kisha unampigia mteja kumwambia fundi amefika wapi. Hilo la mwisho ndilo nililolisisitiza kuliko yote. Mtu mwenye shida anaweza kusubiri sana ilimradi kuna anayemsemesha.

Lakini kumsimamia mtu usiyemwona ni ugonjwa. Mfanyakazi wa dukani unamwona akisinzia, unamgongea meza. Hawa wangu nilikuwa nawasikia tu, na masikio yangu yalikuwa na wivu. Simu ikichelewa kupokelewa, nilimwona mwenyewe ameiacha juani akaenda kusuka nywele. Ikipokelewa haraka mno, nilidhani anapiga soga na watu wake. Niliweka amri mbili ambazo niliwasomea kama hukumu: simu ya mteja haikatwi, na simu ya kazi haishikwi na mtu mwingine. Hiyo ya pili ilitokana na kisa cha Busawe, ambapo mama mkwe wa yule mfanyakazi alipokea akamwambia mteja kwamba mwenye simu ameenda kuteka maji, na kwamba mashine hizo ni za shetani.

Tena nilikuwa nawapima. Nilibana pua, nikajifanya mwanaume mwenye duara, nikapiga namba ya Kemambo na kulalamika kwamba mashine inatoa moshi.

"Pole sana mteja wetu," binti alinijibu. "Mashine tutaishughulikia. Na hayo mafua, mama, umeyatafutia dawa?"

Nilikata simu yangu mwenyewe kwa aibu.

Sasa, huyo binti wa Kemambo alikuwa ameolewa kwenye boma ambalo bado lilishika mila ya mkwe sawasawa. Si kila boma la Kikurya lilishika hivyo wakati ule, lile lilishika. Yeye na baba mkwe wake hawakupeana mkono, hakulitaja jina lake, na hawakusemezana ana kwa ana. Akimwona njiani anakuja, alipisha majanini mpaka apite. Kukiwa na neno la lazima, lilipita kwa mtu wa tatu. Hapakuwa na ugomvi wowote. Alimwita tata, yaani baba, alipokuwa akimzungumzia, na alimzungumzia vizuri. Heshima ndiyo ilikuwa hivyo.

Na baba mkwe huyo alikuwa mteja wangu. Alikuwa na duara lake, anachimba na mwanawe, yaani mume wa binti, pamoja na vijana wa majirani. Binti mwenyewe ndiye aliyenieleza mapema, kabla mashine haijapelekwa. Alisema simu za duara lile zitapigwa na mume wake, lakini itakuwaje siku mzee akipiga? Sikumcheka, nimekulia palepale. Tukakubaliana simu za duara la mzee ziende Busawe, ingawa Busawe ni mbali. Kwenye mashine yake nilipaka namba ya Busawe juu kwa herufi kubwa, na ile ya Kemambo chini yake, ndogo, ya dharura, maana mashine yenye namba moja ni kama mlango wenye bawaba moja. Tukaona tumemaliza.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, mchana. Mvua ilikuwa imeanza upande wa Serengeti na mimi nilishaanza kuwa roho juu, kwa sababu mvua kwangu ilimaanisha simu. Nilikuwa dukani napanga mikanda ya mashine. Binti wa Kemambo akanipigia kwa simu yake mwenyewe, si ile ya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Tata amepiga."

"Kwa namba ya kazi? Kwa nini hakupiga Busawe?"

"Nimejaribu Busawe mimi mwenyewe, haipatikani. Nadhani mnara umezimwa na mvua. Amepiga huku, nikasema karibu mteja wetu, akasikia ni mimi, akakata. Akapiga tena. Nikamsikia anakohoa, nikajua ni yeye, nikakata mimi."

Amri yangu ilinifika mdomoni nikaimeza. "Labda anataka kuuliza kitu kidogo tu," nilisema, na sikuamini.

"Mama, tata hajawahi kupiga simu. Hata miwani ya kusomea namba hana. Anayepiga ni mume wangu." Sauti yake ya uji ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imeanza kupoa. "Na mume wangu ameshuka duarani tangu asubuhi."

Duara lile nililijua kwa kuelezwa: linashuka, halafu kuna njia inayoingia pembeni, inainama kama kitako cha sufuria kisha inapanda tena kwenye mwamba wenye mawe mazuri. Mashine ikisimama, maji yanajaa kwanza pale kwenye mwinamo. Aliye ng'ambo yake hazami papo hapo, lakini hatoki. Anakaa kule na kuyatazama yanavyomfuata.

Nilikuwa na simu ya pili, nikampigia mzee kwa namba ya mwanawe. Ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Kwenye ile simu nyingine nikaisikia sababu: ile simu ya kazi ilikuwa inalia chumbani kwa binti. Mzee alikuwa anampigia yeye, kila nilipokuwa nampigia mimi. Ikanyamaza, ikaanza upya. Watu wawili walikuwa wanaheshimiana huku maji yanapanda, na mimi mwenye biashara sina pa kuingilia.

"Ndiye," binti alisema.

"Pokea."

"Nipokee niseme nini, mama? Naye ataniambia nini?"

"Mpe mtu basi! Mpe jirani!"

"Niko peke yangu. Wote wako shambani."

Nilimpigia fundi wa Nyangoto kwa ile simu ya pili. Alikuwa mtu wa upande wa Sirari, maneno yake nusu Kenya, na alikuwa tayari ameshikilia pikipiki. Nikamwambia akimbie duara la mzee.

"Nakimbia, madamu, lakini nibebe nini? Ni mkanda, ni nozeli, ama ni mpira wa maji umepasuka?"

"Sijui."

"Sasa madamu, nikifika na mkanda kumbe ni nozeli? Barabara ni matope tupu. Kurudi tena huku ni giza. Niambie kitu moja."

Hicho kitu kimoja mzee alikuwa nacho mdomoni. Nilishindwa kujua simu ipi nimeshika na mkono upi. Nilikuwa naogopa kwa ajili ya wale vijana, na sitaficha, nilikuwa naogopa pia kwa ajili yangu. Mashine ilikuwa yangu. Wangefia pale, watu wasingekumbuka mvua, wangekumbuka namba zangu nyeupe.

Simu ya kazi ikaanza kulia tena.

"Mama," binti akasema, "usikate. Na ukisikia mtu, mwamkie."

Nikasikia kitanda kikilia. Baadaye alinieleza alichofanya. Alifungua spika za simu zote mbili, akabonyeza ya kupokea bila kutamka neno, akazilaza kitandani zikiangaliana kichwa na miguu, mdomo wa moja kwenye sikio la nyingine. Kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni. Mimi niliyekuwa Tarime nilichosikia kwanza ni mvua ikipiga bati, halafu mvua nyingine, ya mbali, isiyo na bati. Halafu pumzi za mtu mzima.

Hakukata. Hakusema haloo. Alikohoa, akaanza kuigombeza mashine.

"Wewe mashine," alisema kwa sauti ya juu, kama mtu anayemkaripia ng'ombe, "wewe mashine umetuua. Umekata mkanda wako, umenyamaza, unanitazama. Na vijana wangu umewaacha ng'ambo."

"Shikamoo mzee!" nilipiga kelele.

Niliwaza nimeharibu.

"Marahaba," alijibu polepole. "Ni nani huyo?"

"Ni mimi mwenye mashine, niko Tarime."

"Uko Tarime, na unaongea kwenye simu ya huku?"

"Ndiyo mzee. Wameniunganisha."

Akafikiri. Katika shida ile yote, alifikiri.

"Uko peke yako?"

Sikutaka kumdanganya mtu mzima wakati ule. "Anayeongea na wewe ni mimi peke yangu, mzee."

"Haya," akasema, na hapo maneno yakafunguka. Mkanda umekatika. Vijana wanne wako ng'ambo ya mwinamo, na mwanawe ni mmoja wao. Waliobaki juu amewatuma maduara ya jirani kuomba ndoo na kamba, yeye ameachwa na simu ya mwanawe iliyokuwa kwenye koti. Amepiga namba ya juu, amejibiwa na mwanamke wa kampuni ya simu kwamba haipatikani. Akapiga ya chini. Hapo akasita, hakusema kilichotokea alipopiga ya chini.

Nilimwambia fundi: mkanda. Nikasikia pikipiki ikiondoka kabla sijamaliza neno.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri, na kusubiri ndiko nisikokuweza. Nilimrushia mzee salio kutoka simu yangu nyingine, kwa hofu kwamba laini ingekatika. Nilimwambia mzee kwamba fundi ameshapita mto. Sikuwa na hakika kama amepita, ila ndiyo kazi niliyowafundisha wenzangu, kumsemesha mtu.

Ndipo nikasikia sauti ndogo, ya mbali na simu, kutoka mlangoni kwa binti.

"Mama, muulize kama wanagonga."

Wachimbaji waliofungiwa hugonga mwamba kwa nyundo ili walio juu wajue. Nilijua mzee amelisikia swali hilo vizuri kama nilivyolisikia mimi, kwa sababu hata pumzi zake zilisimama. Hakujibu. Alikuwa ananingoja.

"Mzee, je, wanagonga?"

"Wanagonga," akajibu upesi. "Ngoja, nitakusogezea." Akainamisha simu kwenye mdomo wa duara. Sikusikia kitu zaidi ya mvua, lakini binti alisema, "Nimesikia," na sijui kama alisikia kweli.

Tukaendelea hivyo. Binti ananiambia, muulize maji yamefika wapi, namuuliza, mzee anasema yamefika kwenye gogo la pili. Mzee anasema, mwanangu alikula asubuhi. Sikuuliza mimi, wala binti hakuuliza, ila alilitoa tu akaliweka hapo. Kila neno lilipita kwangu hata pale ambapo halikuwa na haja ya kupita. Kuna wakati nilitaka kuwapigia kelele wote wawili, mnasikilizana, semezaneni, mtu wenu yuko majini! Nilijikaza. Niliona kwamba uzi huo tuliokuwa tumeushika ulikuwa mwembamba, na kama ningeuvuta kwa nguvu, mmoja wao angekata simu na tungebaki tena na mlio wa inatumika.

Kisha mzee akasema, "Hawagongi."

Binti hakunipa swali. Nilisubiri anipe, na kimya chake kilinitisha kuliko mvua. Nikatunga la kwangu, nikamuuliza mzee kama pengine wanapumzika. Akasema pengine. Nikasema fundi anakaribia. Akasema haya. Niligundua nimeisukuma mikanda yote ya dukani ikaanguka chini, na mteja aliyekuwa amesimama mlangoni alikuwa ananitazama bila kuingia.

Pikipiki niliisikia kwenye simu ya mzee, halafu sauti ya fundi ikiuliza ufunguo, halafu watu wengi waliorudi na ndoo wakizungumza Kikurya cha haraka ambacho ile nusu yangu haikukifikia. Chuma kiligonga chuma. Injini ikakohoa, ikazimika. Ikakohoa tena. Iliposhika, nililia pale pale dukani, kwa sauti, mbele ya mteja, ingawa nilijua kabisa kwamba injini kuwaka siyo mtu kutoka.

Maji yakaanza kushuka taratibu mno. Mzee aliacha kuongea na mimi kwa muda, nikawa nasikia watu wakiita chini na kutega masikio. Nilimwita binti mara moja, akaitika "bee" kwa adabu zake zote, na hapo nikajua amesimama wima muda wote huo.

"Ametoka mmoja," mzee akasema. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu mwenye simu sikioni. "Ni mtoto wa jirani."

Nikamwambia binti: ametoka mmoja, mtoto wa jirani.

"Wa pili. Naye wa jirani."

Nikamwambia.

"Wa tatu anavutwa. Mguu umeumia. Si wangu."

Nikamwambia hilo pia. Halafu mzee akanyamaza. Mashine ilikuwa inanguruma, watu wanaita, mvua inanyesha, na katika kelele zote hizo yeye peke yake ndiye aliyekuwa hana sauti. Nilifumba macho. Nilisoma dua niliyoikumbuka, na ilikuwa ya kusafiria.

"Wewe mama wa mjini," mzee akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyechoka.

"Naam, mzee."

"Mwambie huyo mtu wako wa huko awashe moto, aweke na maji ya kuoga. Mume wake anakuja, na ana baridi sana."

Nikamwambia binti, neno kwa neno, kwamba mzee anasema awashe moto, aweke na maji ya kuoga, mume wake anakuja, na ana baridi sana. Alikuwa amekwisha kuyasikia yote, na mzee alijua amesikia. Hata hivyo alinisubiri mpaka nikamaliza, ndipo nikasikia kandambili zake zikitoka mbio kuelekea jikoni.